Kusomea usimamizi wa usanifu wa ndani ukitokea Lubumbashi: chuo cha jamii Marekani, Kinshasa, au karakana ya hapa nyumbani?

Lubumbashi inajengwa kwa kasi, lakini nyumba nyingi hazina mtu wa kuzishughulikia ndani. Mwenye nyumba mtaa wa Golf, mwenye gesti mtaa wa Bel-Air, kampuni ndogo inayohudumia migodi na kutaka ofisi ya heshima, wote wanampata mjenzi, fundi rangi na seremala, kisha wanabaki kukimbizana nao wenyewe. Anayekosekana ni mtu wa kushika kazi yote ya ndani: apime, achore, akadirie bei, aagize vifaa, apange mafundi wasigongane, na akabidhi siku aliyoahidi. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi wa usanifu wa ndani, na ina soko hapa.

Wanaoipenda fani hii mara nyingi hukwama kati ya njia tatu. Ya kwanza ni chuo cha jamii Marekani, yaani vile vyuo vya umma vya miaka miwili. Ya pili ni Kinshasa, kwenye chuo cha sanaa cha Académie des Beaux-Arts, ambako usanifu wa ndani ni mojawapo ya fani zinazofundishwa. Ya tatu ni kubaki hapa hapa: kukaa karakana kwa fundi mzuri, kuongeza mafunzo mafupi ya INPP (taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi), na kujisomea kozi za intaneti. Kila moja ina watu inaowafaa.

Vipimo

Nitazipima kwa mambo matano: unachofundishwa hasa, lugha na masharti ya kuingia, pesa yote hadi mwisho, uzito wa karatasi utakayopewa, na watu utakaowajua ukimaliza. Muda sikuupa kipimo chake kwa sababu umo ndani ya pesa. Mwaka usioingiza chochote nyumbani ni gharama, hata kama hakuna aliyekupa risiti yake.

Unachofundishwa hasa

Hapa ndipo tofauti ni kubwa, na ndipo watu hutazama kidogo kuliko kote.

Vyuo vya jamii vya Marekani vina historia inayoeleza tabia yake. Cha kwanza cha umma, Joliet Junior College, kilifunguliwa mwaka 1901 jimboni Illinois, na tangu hapo kazi ya vyuo hivi imekuwa kuwapa watu wa eneo elimu ya bei nafuu, kwa wengine ili waendelee chuo kikuu, kwa wengine ili waingie kazini moja kwa moja. Shahada ya miaka miwili huwa na krediti (pointi za masomo) 60 hivi. Sehemu yake ni masomo ya jumla, kama Kiingereza na hesabu. Zinazobaki ni za fani: kuchora kwa mkono, programu za kuchorea kama AutoCAD, Revit na SketchUp, rangi, mwanga, vitambaa, historia ya samani, kanuni za usalama wa majengo, kukadiria vifaa, mikataba na wateja, hati za manunuzi, na mara nyingi mafunzo ya vitendo kwenye ofisi. Vyuo vingi vina pia cheti kifupi kisicho na masomo ya jumla.

Nguvu ya njia hii ni upande wa usimamizi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 kinachotakiwa kuwekwa karo za sentimita 60 kwa 60. Sakafu ni mita za mraba 20. Karo moja ni 0.36, kwa hiyo unahitaji 56. Boksi la karo nne hufunika mita 1.44, na mtu wa haraka ataagiza boksi 14 akaona amemaliza. Lakini karo za pembeni hukatwa, na nyingine huvunjika. Ukiongeza asilimia 10 unafika karo 62, yaani boksi 16. Aliyeagiza 14 ataitwa siku ya mwisho: «Patron, karo zimepunguka.» Akirudi dukani atazipata, jina lile lile, picha ile ile, lakini namba ya bechi kwenye boksi ni nyingine na rangi imepishana kidogo. Mstari huo utaonekana sebuleni miaka yote. Kwenye darasa la makadirio unafundishwa kuhesabu hivyo kabla hujatoa pesa ya mteja, na kuandika namba ya bechi kwenye hati ya oda. Mwanga nao hufundishwa kwa namba: rangi iliyochaguliwa chini ya balbu nyeupe ya kelvini 6500 hubadilika kabisa chini ya balbu ya njano ya 3000.

Udhaifu wake ni kwamba masomo yameshonwa kwa mwili wa Marekani. Vipimo ni futi na inchi. Umeme ni volti 120, wetu ni 220. Kanuni za majengo ni zao. Hata jua ni lao: vitabu vyao hufundisha kwamba dirisha la kusini ndilo la jua, na kwao ni kweli. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, hivyo miezi mingi ya mwaka jua la adhuhuri hukaa upande wetu wa kaskazini. Hupita kusini kidogo kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari, tena ndiyo miezi ya mvua na mawingu. Ukileta mpango wa sebule kutoka kitabu cha Ohio bila kuugeuza, familia itakaa kwenye baridi ya Juni na Julai huku jua likipasha chumba cha stoo. Mwanafunzi mwenye akili huyageuza mambo haya mwenyewe, ila lazima ajue kwamba hakuna mwalimu atakayemgeuzia.

Académie ya Kinshasa ina mizizi mingine. Ilianzishwa mwaka 1943 huko Gombe-Matadi na mtawa Mbelgiji, Bruda Marc Wallenda, ikahamia Kinshasa mwaka 1949. Mwanafunzi wa usanifu wa ndani anasoma jirani na wachoraji, wachongaji, watu wa kauri na wa chuma, na ujirani huo ni shule ya pili. Jicho hukomaa. Mkono huzoea kuchora bila kusubiri kompyuta iwake. Mtu aliyepita hapo hukaa na mwenye nyumba, akachukua kalamu na kumwonyesha papo hapo chumba chake kitakavyokuwa, na mteja wa kwetu hulipa kwa moyo akiona hivyo. Upande wa bei, zabuni na ratiba, kwa maoni yangu, ataujifunza zaidi kazini kuliko darasani, na inambidi aamue mapema kuutafuta.

Karakana ya hapa hukufundisha mambo ambayo hayamo kwenye mtaala wowote. Utajua mbao iliyokauka kwa kuigonga na kuinusa. Utajua kwamba rangi iliyopakwa kwenye ukuta ambao bado una maji ya mvua itavimba kabla ya kiangazi, na kwamba vumbi jekundu la Agosti litaingia kwenye vanishi mbichi hata ukifunga madirisha. Utajua pia fundi anaposema «kesho» anamaanisha nini. INPP, iliyoundwa mwaka 1964 na yenye kituo hapa Lubumbashi, inaongeza utaratibu juu ya mazoea: useremala, umeme na kadhalika, kwa vipindi vifupi. Programu za kuchora unaweza kuzipata kwenye intaneti, umeme wa SNEL, shirika la taifa, ukiruhusu. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nawe juu ya michoro yako na kukuambia kwa nini ni mibaya. Kozi ya video haikosoi. Na karakana nyingi hazina mkataba hata mmoja wa maandishi wa kukuonyesha.

Lugha na mlango wa kuingia

Kinshasa na hapa nyumbani mlango ni mwepisi. Kwa Kinshasa unahitaji diploma ya serikali (ile ya kumaliza sekondari), Kifaransa cha darasani na Lingala kidogo cha mtaani. Karakana inataka heshima, uvumilivu, na mtu wa kukupeleka kwa fundi.

Marekani ni milango kadhaa, mmoja nyuma ya mwingine. Diploma yako na matokeo ya sekondari yatafsiriwe kutoka Kifaransa. Upite mtihani wa Kiingereza kama TOEFL, ingawa vyuo vya jamii kwa kawaida huomba alama za chini kuliko vyuo vikuu, na vingi vina madarasa ya Kiingereza ya kuanzia. Uonyeshe uthibitisho wa pesa. Chuo kikikukubali kinakutumia fomu ya I-20, inayothibitisha kukubaliwa kwako, kisha unalipa ada ya SEVIS (mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), dola 350, na ada ya ombi la viza, dola 185, na kuhojiwa ubalozini Kinshasa. Kwa mtu wa Lubumbashi hiyo ni tiketi ya ndege na siku za kulala Kinshasa kabla hujajua jibu, na jibu linaweza kuwa hapana. Ada hizo hazirudi. Hakikisha pia kwamba programu yenyewe inafundishwa darasani: mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, lazima asome krediti 12 au zaidi kwa muhula, na somo moja tu la mtandaoni ndilo linaloweza kuhesabiwa humo. Kuna programu nzuri za usanifu wa ndani ambazo zimehamia karibu zote mtandaoni, na hizo hazikufai ukitaka viza.

Kama Kiingereza ndicho kikwazo, usianze kwa kulipia mtihani. Kitwe ya Zambia iko karibu nasi kuliko Kolwezi. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa na kukaa Copperbelt miezi kadhaa ukisikia Kiingereza asubuhi hadi jioni, utapata kwa bei ndogo kile ambacho madarasa ya jioni mjini hukupa polepole. Wengine wakifika huko huamua kusoma Zambia kabisa, na si uamuzi mbaya: unapata Kiingereza, vipimo vya mita, umeme kama wetu, na wikendi ndefu unarudi nyumbani kwa basi.

Pesa

Mtu hutazama tovuti ya chuo, anaona karibu dola 4,000 kwa mwaka, anafurahi. Hiyo ndiyo wastani wa ada kwa mkazi wa eneo la chuo. Mgeni hulipa zaidi, mara nyingi mara mbili au tatu. Na ada yenyewe siyo mzigo mkubwa: nyumba, chakula, bima ya afya, usafiri na vifaa vya kuchorea kwa kawaida huizidi. Vyuo vingi vya jamii havina mabweni, kwa hiyo utapanga chumba mjini, na kwenye miji isiyo na mabasi ya kutosha utaanza kufikiria gari. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa F-1 kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Pesa hiyo ni ya kununua mboga. Familia inayopanga kwamba mtoto «atajilipia akifika» inamtuma kwenye shida, nami nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ni mpango wa kawaida sana mjini kwetu.

Kinshasa, minervali (ada ya chuo) ni ndogo ukilinganisha. Kinachokula pesa ni chumba, ndege na vifaa, kwa muda mrefu zaidi: katika mfumo wa LMD (leseni, masta, udaktari) unaotumika sasa Kongo, leseni, yaani shahada ya kwanza, ni miaka mitatu na masta miwili juu yake. Ukiwa na mjomba au shangazi Kinshasa wa kukupokea kwa moyo, hesabu hubadilika kabisa. Usipokuwa naye, weka chumba kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Karakana inaonekana bure, lakini kuna miezi ya posho ndogo au hakuna, na kuna kompyuta. Nunua iliyo na nguvu ya kuendesha michoro ya pande tatu, hata kama ni ya mkono wa pili, pamoja na betri au inveta. Kipimo cha leza nacho, kwa sababu chumba kilichopimwa vibaya huharibu kila kinachofuata.

Karatasi

Ukitaka kufanya kazi Marekani yenyewe au nchi zinazofuata njia yao, shahada ya chuo cha jamii ni ngazi ya kwanza. Juu yake unaweza kuhamia chuo kikuu na kumaliza miaka miwili mingine. Baada yake unaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako hadi miezi 12. Mtihani wa taaluma, NCIDQ, wenye sehemu tatu, unadai masomo pamoja na maelfu ya saa za kazi iliyosimamiwa, kwa hiyo haufikiwi siku ya mahafali.

Hapa nyumbani karatasi hiyo hiyo ina tabu moja. Shahada za nje hupelekwa wizarani Kinshasa ili zitambuliwe kuwa sawa na za kwetu, na shahada ya miaka miwili haikai vizuri mbele ya leseni ya miaka mitatu. Anayetaka kufundisha chuo au kuajiriwa na serikali alifikirie hilo kabla ya kupanda ndege. Académie inakupa diploma ya kitaifa moja kwa moja, na masta iko mbele yako. Cheti cha INPP ni cha ufundi, waajiri wanakijua, lakini hakikufungulii chuo kikuu.

Kwa mteja binafsi wa Lubumbashi, karatasi zote tatu hukaa chini ya kitu kingine: kazi ulizozifanya. Picha za kabla na baada, mchoro wenye vipimo, bei uliyokadiria na bei iliyolipwa mwishoni. Folda ya kazi tano zilizoandikwa hivyo ina nguvu kuliko fremu ukutani.

Watu

Aliyebaki ana faida kubwa hapa, na huwa haijui. Anamjua seremala anayesema ukweli kuhusu siku ya kumaliza. Anajua duka linalokubali kurudishiwa mabomba yaliyobaki. Anawajua mafundi wa shaba na malakaiti, na anaweza kumpa mwenye hoteli meza ya mapokezi ya jiwe la kijani la ardhi hii badala ya plastiki iliyotoka mbali. Anajua pia kwamba mukula, ule mti wa mbao nyekundu, umepungua sana misituni na tangu 2019 uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo anamshauri mteja mbao nyingine kabla ya kuingia matatani.

Aliyesoma Kinshasa ana wenzake waliotawanyika nchi nzima, na mji ule ndio soko kubwa kuliko yote ya Kongo. Aliyesoma Marekani anarudi na Kiingereza na nidhamu ya hati, vitu ambavyo makampuni ya kigeni kwenye migodi huvitafuta, ila kwa mafundi ni mgeni. Itambidi akae chini na makapita (viongozi wa mafundi) upya, na asiwe na haraka ya kuwafundisha.

Kwa hali yako

Kama lengo ni kufanya kazi ndani ya makampuni makubwa, hoteli za kimataifa au nje ya nchi, na familia ina pesa kamili ya miaka miwili mkononi, chuo cha jamii kinafaa. Chagua chenye mafunzo ya vitendo na makubaliano ya maandishi ya kuhamisha krediti kwenda chuo kikuu. Kama pesa iko ya mwaka mmoja tu na mengine ni matumaini, subiri.

Kama unachora tangu utotoni, unataka kufundisha siku moja, au unataka kubuni samani zenye jina lako, nenda Kinshasa, na kila likizo uombe kukaa kwenye ofisi ya mkandarasi ili ujifunze makadirio.

Kama wewe ni mama au baba mwenye watoto, au tayari una wateja wa mapambo ya harusi na sherehe na unataka kuingia majumbani, baki. Mtafute fundi, chukua useremala au umeme INPP ili mafundi wasikuzungushe, jifunze programu moja tu ya kuchora hadi uiweze, na andika mkataba hata kwa kazi ya pazia.

Kama ndiyo kwanza umepata diploma ya serikali na una miaka 18 au 19, hakuna haraka ya kufunga mlango wowote. Mwaka mmoja wa karakana na Kiingereza hukuandaa kwa njia zote tatu. Ukienda Marekani baadaye, swali la afisa wa viza kuhusu kazi utakayorudia nyumbani litakuwa na jibu la kweli.

Na kwa mzazi anayelipa: kabla ya kutoa pesa ya kwanza, mpe mwanao chumba kimoja cha nyumba yako. Akipime, akichore, aandike bei ya kila kitu na siku ya kumaliza, kisha akitengeneze kwa bei hiyo hiyo. Tazama anafurahia nini: mchoro, mafundi, au hesabu. Anayefurahia mchoro, Kinshasa. Anayefurahia mafundi, karakana. Anayekaa usiku akipanga upya orodha ya manunuzi bila kuambiwa na mtu, huyo ndiye wa kutafutiwa I-20.